Chungu Kimoja, Damu Mbili

Naanza na ungamo. Mimi ninayejiita mwandishi, ninayekaa kijiweni nikiwaambia washikaji kwamba kazi ya mwandishi ni kuona kile wasichokiona wengine, niliishi nyumba moja na dada yangu akiwa anaishiwa damu, karibu miaka miwili, na sikuona kitu.

Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2018. Matokeo yalipotoka hayakuwa ya kumpeleka mtu kidato cha tano, na kwetu Mbagala hapakuwa na hela ya chuo. Nikabaki na ndoto moja tu, kuandika riwaya. Niliiandika kwa mkono kwenye kaunta buku la kwaya tatu. Kaunta buku hilo alininunulia Dada. Kalamu alinunua Dada. Hata umeme wa kuandikia usiku, hela ya luku ilitoka kwenye pindo la khanga yake.

Baba alifariki tukiwa wadogo. Mama miguu inamsumbua, hawezi kusimama muda mrefu. Basi nguzo ya nyumba ikawa Dada. Saa 11 alfajiri keshawasha jiko la mkaa, keshakaa mbele ya chuma cha vitumbua. Vitumbua na chai anauza karibu na kituo cha daladala mpaka saa 4, anarudi anapika, jioni anakaanga samaki nje ya nyumba. Alikuwa na miaka 26.

Uchovu ulianza taratibu. Haukuwa uchovu wa mtu aliyefanya kazi, akalala, akaamka mzima. Ulikuwa uchovu wa kuamka nao. Akibeba ndoo kutoka bombani anasimama mara mbili njiani, mkono kifuani, anasema moyo unamwenda mbio. Akiinuka ghafla anaona kiza. Kichwa hakimwishi kuuma. Halafu likaja jambo lililotuchekesha nyumba nzima: alianza kutafuna mchele mbichi. Anaufunga kwenye khanga, anautafuna kidogo kidogo huku anageuza vitumbua, kru, kru, kru, mpaka Mama anamgombeza kwamba atatumalizia chakula. Mchele ukikosekana ananunua udongo sokoni, ule wa vijiti wanaouziwa akina mama wajawazito. Majirani wakaanza kuhesabu miezi kwa vidole. Mimba yenyewe hakuna.

Mimi nilimtania. "Dada, siku hizi umekuwa mvivu, au ndiyo uzee?"

Akacheka. "We andika tu, mdogo wangu."

Nami nikaandika. Na hapa ndipo ninapoona aibu zaidi, kwa sababu katika riwaya ile shujaa wangu wa kike alikuwa anaugua upungufu wa damu! Nilimpa ugonjwa huo kwa kuwa niliuona wa kimapenzi. Uso wake nikaufanya mweupe kama mbalamwezi, nikamfanya azimie ufukweni mikononi mwa mpenzi wake. Mbalamwezi! Nilikuwa nimeiokota kwenye filamu za Wazungu. Mtu mweusi hageuki mbalamwezi. Weupe wake unauona kwenye viganja, kwenye ulimi, na ukimfunua ukope wa chini ya jicho. Kucha zake zinaweza kubonyea katikati kama kijiko. Viganja vya Dada nilikuwa naviona kila asubuhi akinipa kikombe cha chai.

Si kwamba hakwenda kutibiwa. Alikwenda zahanati mara mbili. Mara ya kwanza akapewa dawa za malaria. Mara ya pili akaambiwa damu ni ndogo, ale mboga za majani, akapewa vidonge vya kuongeza damu vya wiki mbili. Vilimtia kichefuchefu na choo kikawa cheusi, akaogopa, akaacha. Hakuna aliyemwambia kwamba weusi ule ni kawaida ya dawa yenyewe. Jirani akamwelekeza maji ya matembele. Mwingine akamletea juisi ya rozela. Wote walitaka kumwongezea damu, lakini hakuna aliyeuliza ilikuwa inakwenda wapi.

Yeye alijua inakwenda wapi. Hedhi yake ilikuwa inamchukua siku tisa, inatoka kwa mabonge, usiku analala juu ya khanga tatu. Atamwambia nani? Mganga wa zahanati alikuwa kijana wa rika langu. Mama aliamini ni maumbile ya kike, hata yeye ujanani yalimkuta. Mimi, mdogo wake wa kiume, siku nilipoona khanga zake zimelowekwa kwenye beseni nyuma ya choo niligeuza uso, nikazuga sikuona. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sawa. Lakini nani alimfundisha kuficha? Ni sisi tuliokuwa tunageuza nyuso.

Siku yenyewe ilikuwa ya Machi 2022, alfajiri. Nilisikia kitu kikianguka uani, nikadhani ni paka. Nilipotoka nikamkuta Dada amekaa chini ubavuni mwa jiko, vitumbua vinaungua. Mkono wa kulia umelala mapajani kama si wake. Mdomo umevutwa upande. Nikamwita. Akanijibu kwa sauti yake ileile, lakini maneno hayakuwa maneno. Yalikuwa sauti tu zilizopangana kama maneno.

Shangazi alifika kabla jua halijachomoza. Akasema hicho ni kiharusi, na kiharusi ni upepo, kuna shetani kamkumba, tusithubutu kumpeleka hospitali akachomwa sindano. Akaitwa mzee wa kumsomea na kumwandikia kombe. Sisemi haya kwa kuidharau dua. Dua ilikuwa na nafasi yake, hata ndani ya bajaji ingesomeka. Ninachosema ni kwamba nilikuwa na miaka 21, nina simu mfukoni, nimesoma baiolojia miaka minne, na nilikaa kimya kwa sababu wakubwa wamesema. Tulifika hospitali saa 6 mchana. Saa saba zilikuwa zimepita.

Baadaye nilisoma kwamba mshipa mkubwa wa ubongo ukiziba, kila dakika zinakufa chembe za ubongo zipatazo milioni 1.9. Ipo dawa ya kuyeyusha bonge la damu, na kwa kawaida inatakiwa itolewe ndani ya saa nne na nusu. Haipatikani kila hospitali, na huenda hata tungewahi tusingeipata. Lakini mtu aliyechelewa hana haki ya kujifariji kwa neno "huenda".

Daktari aliyempokea Dada alikuwa mtaratibu. Akatuuliza maswali, akatoa damu, akamwandikia siti skani ya kichwa. Ilionyesha mshipa umeziba upande wa kushoto wa ubongo, upande ambao kwa watu wengi ndio unaotunza lugha na kuongoza mkono na mguu wa kulia. Kisha wakatafuta sababu. Presha, hana. Sukari, hana. Moyo wakaupiga picha, mzima. Virusi vya Ukimwi, hana. Selimundu, ambayo inajulikana kwa kuwapiga kiharusi watoto na vijana, hana. Vidonge vya uzazi wa mpango hatumii, sigara hajawahi kuigusa. Yalibaki mambo mawili kwenye karatasi. Damu yake ilikuwa 5.8. Mwanamke asiye na mimba akiwa chini ya 12 anahesabiwa ana upungufu, na chini ya 8 ni upungufu mkali. La pili, chembe sahani, zile zinazogandisha damu mtu akijikata, zilikuwa nyingi kupita kiasi.

"Kijana," daktari akaniambia, "siwezi kukuapia kwamba ni damu peke yake. Watu wengi wana upungufu wa damu na hawapati kiharusi. Ila kwa dada yako nimetafuta mchawi mwingine sijamwona."

Akanieleza kwa lugha ya mtaani, na mimi nakueleza hivyohivyo. Ndani ya mwili wa mtu mzima kuna chuma, gramu 3 hadi 4 tu, uzito wa kimsumari. Sehemu kubwa iko kwenye himoglobini, ule wekundu wa damu unaobeba oksijeni. Chuma kikiisha, chembe nyekundu zinatengenezwa ndogo, hafifu, na hazipindiki vizuri kwenye mishipa myembamba. Moyo unapiga mbio kufidia. Ubongo, ambao uzito wake ni kama asilimia 2 tu ya mwili lakini unakula kama asilimia 20 ya oksijeni yote, unabaki unaishi kwa kudunduliza. Na uboho, kiwanda cha damu ndani ya mifupa, ukikosa chuma, kwa watu wengi unaanza kumwaga chembe sahani nyingi kuliko kawaida. Sasa fikiria mwenyewe: mabeba mizigo wamepungua, wagandishaji wameongezeka, na mto unakwenda kasi. Bonge likijitengeneza mahali na kwenda kukwama kichwani, mtu anaanguka.

Dada aliyekaa miaka mbele ya chuma cha vitumbua, kumbe mwilini mwake chuma kimekwisha.

Nilipopata nguvu nilianza kusoma. Nilikwenda Maktaba Kuu pale mtaa wa Bibi Titi, nikasoma na kwenye simu mpaka bando likakata. Nikakuta si hadithi ya daktari mmoja. Mwaka 2007 madaktari wa Toronto, Kanada, walichapisha uchunguzi wao: watoto wadogo waliokuwa na afya njema kisha wakapata kiharusi walikuwa na uwezekano mara 10 zaidi wa kukutwa na upungufu wa damu wa chuma kuliko watoto wasiopata kiharusi. Mwaka 2013 ukachapishwa utafiti wa Taiwan uliopitia wagonjwa wa kiharusi zaidi ya 50,000. Walionekana kuwa na historia ya upungufu huo karibu mara moja na nusu kuliko wenzao. Hizi si hukumu za mahakama. Uhusiano si lazima uwe sababu. Lakini dalili ya mvua ni mawingu, na haya ni mawingu.

Nikatafuta na ya kwetu. Watafiti waliofuatilia watu wa Hai, Kilimanjaro, na wa Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 walikuta Hai wagonjwa wapya wa kiharusi kama 109 kwa mwaka katika kila watu 100,000. Dar walikuwa 316. Umri ulishasawazishwa hapo, kwa hiyo usiseme ni wazee. Na utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta wanawake 42 katika kila 100 wenye miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Si wote ni kwa sababu ya chuma. Malaria imo, selimundu imo, minyoo ya safura imo. Lakini panda daladala yoyote asubuhi uhesabu akina dada waliokaa na waliosimama.

Narudi hospitali, maana hapo ndipo nilipopata somo langu. Dada alitakiwa kuongezewa damu, na ndugu tukaombwa tuchangie kufidia benki ya damu. Nilikwenda na washikaji wawili wa kijiweni. Kabla ya kukutoa damu wanakupima kwanza kama unayo ya kutosha. Muuguzi akanitoboa kidole, akaangalia mashine, akatabasamu.

"Kaka, wewe uko vizuri. Kumi na nne nukta mbili."

Kumi na nne nukta mbili! Mimi nisiyebeba ndoo. Dada 5.8. Nyumba moja, chungu kimoja. Nikakaa kwenye kile kiti na sindano mkononi, nikaanza kukumbuka jinsi chungu kile kilivyokuwa kinapakuliwa. Samaki akipikwa, kipande cha katikati ni changu, kwa kuwa mimi ni mwanamume na kichwa changu kinafanya kazi ya kuandika. Kichwa cha samaki ni cha Mama. Dada anafutia ugali kwenye mchuzi, kisha anajimiminia chai ya rangi nzito, palepale juu ya chakula. Na chai, nilikuja kusoma, ikinywewa pamoja na chakula inazuia mwili kuchukua chuma kilicho ndani ya mboga na maharage. Ungekamulia ndimu au ukala chungwa ungesaidia. Chai ingengoja saa moja au mbili.

Siku ile walinitoa chupa moja ya damu. Washikaji wakanipongeza, eti nimemlipa Dada. Sikuwajibu. Nilikuwa najua deni ni la miaka mingapi.

Damu ilipopanda, akina daktari wakatafuta pa kuziba. Alipigwa picha ya tumbo, wakakuta uvimbe kwenye mji wa mimba. Ndio uliokuwa unamwaga hedhi ile ya siku tisa. Alitibiwa. Akapewa vidonge vya chuma vya miezi, si wiki, kwa sababu damu ikishafika kiwango lazima uendelee kama miezi mitatu hivi ili ghala la mwili lijae. Safari hii tulielezwa: choo kitakuwa cheusi, msiogope.

Mguu ulirudi mapema, mkono ukachelewa. Kilichochelewa kuliko vyote ni maneno. Dada alikuwa anajua kabisa anachotaka, lakini neno likifika mdomoni linakuwa jingine. Akitaka maji anasema "dirisha". Kijiko akakiita funguo. Analisikia mwenyewe kwamba amekosea, anafunga macho, machozi yanatoka. Mimi niliyekuwa natafuta maneno ya fahari ya kuweka kwenye riwaya, sikuwahi kufikiri kwamba "maji" ni neno ambalo mtu anaweza kulilia.

Kaunta buku lile lilikuwa na kurasa nyingi tupu nyuma ya riwaya. Nikaligeuza. Nikachora ndoo, nikaandika NDOO. Nikachora kijiko, sufuria, kitumbua, samaki. Kila jioni tunakaa kwenye mkeka, ananyooshea kidole, anajaribu. Picha zangu mbaya zilimchekesha, na daktari alisema kucheka kusikatazwe. Siku aliyosema "kitumbua" bila kukosea, Mama alipiga kigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani ameposwa.

Mwaka mmoja baadaye alikuwa anaweza kusoma tena, polepole. Jioni moja aligeuza kaunta buku upande wa mbele, akaanza kusoma riwaya yangu. Alisoma mpaka pale shujaa wangu mwenye upungufu wa damu anapozimia ufukweni chini ya mbalamwezi. Akarudia. Kisha akaniangalia.

"Huyu... huyu binti," akasema, neno moja moja. "Mchele... hatafuni?"

Nilichana sura ile usiku uleule.

Kwa hiyo, wewe unayesoma jarida hili nawe unaandika, nakuomba mambo mawili. La kwanza ni la afya. Ukimwona dada yako, mkeo, mwanafunzi mwenzako anachoka bila sababu, moyo unamwenda mbio, anatafuna mchele mbichi, barafu au udongo, usimcheke. Akapimwe damu, na baada ya kupimwa muulize daktari inakwenda wapi. Mwanaume naye akikutwa na upungufu wa chuma asipuuze. Huenda tumboni kuna kidonda kinachovuja au minyoo. Na ukiona uso umepinda, mkono umelegea, kauli imevurugika, angalia saa, tafuta usafiri, nenda. Wakubwa watakusamehe baadaye.

La pili ni la kalamu. Tunapenda kuandika mapenzi na vifo vya kusikitisha, na tunatafuta visa mbali. Nyumbani kuna mtu anasimama mara mbili njiani na ndoo. Mwangalie huyo kwanza.

Siku hizi vitumbua nachoma mimi. Saa 11 alfajiri niko uani, Dada amekaa kwenye kigoda ananielekeza, na maneno ya kunigombeza hayampotei hata kidogo. Riwaya naandika mchana. Mara ya mwisho kupimwa alikuwa na 12.4. Jioni samaki akipakuliwa, kipande cha katikati ni chake. Hajazoea bado. Ananirudishia kwenye sahani yangu, namrudishia kwenye yake.